Bayuda na utakatifu: banauleta namna gani kama habahubiri?

Petit_wa_Kenya: Jambo bandugu. Tangu niko mutoto napitaka mbele ya sinagogi (nyumba ya sala ya Bayuda) pale mu mji ya Lubumbashi, ile ya 1930, sijasikiaka hata siku moja mikro. Shiye huku komini ya Kenya makanisa tatu mu avenyu moja, usiku hatulale. Sasa banasema Mungu alichagua Bayuda balete utakatifu mu dunia yote, bataleta namna gani kama habaite mutu aingie??

Mwalimu_Katuba: Kwabo kuchaguliwa ni kazi, haiko cheo. Kitabu cha Kutoka, sura 19, inabaita ufalme wa makuhani, na kuhani anatumikiaka bengine, haombe bote bakuwe makuhani. Mutu wa taifa ingine eko na amri 7 za Noa: asiue, asiibe, kukuwe tribinali ya haki, ata asikule nyama yenye imekatwa ku munyama angali muzima. Akishika zile inatosha.

YayaBunga: Soma Walawi 19. Inaanza "muwe watakatifu", unangojea sasa malaika na uvumba, kumbe inashuka direkti ku soko: mushahara ya mufanyakazi isilale kwako mpaka asubuhi, pembe ya shamba uachie masikini, mizani ikuwe ya kweli. Mi nauzishaka bunga, nazijua zile meka, bikopo bya kupimia bunga, zenye bamepiga nyundo chini mpaka zikaingia ndani, kwa macho imejaa, ukifika ku nyumba bukari ya batu batano inashibisha bane. Na mwenye meka njo anaimbaka mbele siku ya mungu 😂

Petit_wa_Kenya: Yaya 😂😂 Lakini kula, kuuzisha, ile si ni mambo ya mwili? Mungu anatafuta roho.

Mwalimu_Katuba: Bahasidi, kikundi kimoja cha Bayuda, banafundisha ingine: mbinguni kuko safi tayari, Mungu anataka makao huku chini. Njo maana divai na mukate banabariki Ijumaa mangaribi ku meza ya nyumba.

Mzee_Kampemba: Bayuda bengi ba hapa kwetu balitokaka ku kisiwa cha Rhodes. Babu yangu alitumikaka mu magazini ya mumoja wabo. Ijumaa, mbele jua izame, posho yote ya bafanyakazi inatoka kwanza, kisha mulango unafungwa, ata kiliya akuye na mfuko wa franka. Alituambiaka ile hadisi mpaka tukachoka. Kisha 1973 prezida Mobutu akapatia benyeji maduka ya bageni, Bayuda bengi bakaenda.

Petit_wa_Kenya: Aksanti bazee. Yaya, meka yako iko na kishimo?

YayaBunga: Kuya uangalie, lakini kuya na franka.