Nilikuwa 70 penye 50, mtu akafariki. Mahakama huangalia nini?

Kusi_Malindi
Assalamu alaikum ndugu zangu. Usingizi hauji. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Gede kuja Malindi, nikamgonga mzee mmoja pale madukani Msabaha. Alifariki kabla ya kufika hospitali, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimeshtakiwa kwa kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, cha kusababisha kifo kwa uendeshaji, niko nje kwa dhamana, na kesi inatajwa wiki ijayo. Polisi wanasema nilikuwa kilomita 70 kwa saa. Pale ni 50, lakini kibao hakipo, kimebaki chuma kitupu. Je, kupita 50 peke yake kunatosha kunitia hatiani?

Babu_wa_Lori
Pole mwanangu. Mimi nimeendesha lori Malindi, Garsen hadi Mokowe miaka mingi. Karibu na Minjila niliwahi kugonga ng'ombe magharibi inaingia. Mwenyewe alikuja na fimbo, akakaa chini akalia kama amefiwa na mtu. Toka siku ile nikiona nyumba mbili zimekaribiana natoa mguu kwenye mafuta, kibao kiwepo kisiwepo.

Mama_Mtangani
Unauliza kibao, hujauliza mzee ameacha mayatima wangapi. Mwenye kuua kwa makosa ana diya, fidia ya damu, ya kuwapa wafiwa na kafara ya funga ya miezi miwili mfululizo, soma An-Nisaa aya ya 92. Umeanza kufunga?

Karani_Mstaafu
Nilifanya kazi ofisi ya wakili miaka 19, kwa hivyo nijibu lililoulizwa. Haya ni makosa mawili tofauti. Kupita 50 ndani ya mji au kituo cha biashara ni kosa la kifungu cha 42, na sheria hiyo hiyo inawataka wenye barabara waweke vibao. Hapo hoja yako ya kibao ina uzito. Tena kwa kosa la spidi hutiwi hatiani kwa maoni tu ya shahidi mmoja kwamba ulikuwa mbio.

Lakini kifungu cha 46 hakitaji 50. Kinasema kuendesha kwa spidi au kwa namna iliyo hatari kwa umma. Mtu anaweza kuwa 40 akafungwa, mwingine 70 barabara tupu akaachiliwa. Tangu kesi ya Atito ya 1975, mahakama zetu huuliza mawili: je, hali yenyewe ilikuwa ya hatari, na je, dereva ana kosa lililoileta? Kosa si lazima liwe la kusudi. Kushuka chini ya uangalifu wa dereva mzoefu kunatosha. Msingi huo ulitoka Uingereza, kesi ya Gosney ya 1971. Dereva, mama mmoja, aliingia upande usio wake wa barabara ya njia mbili zilizotenganishwa, akakatazwa kueleza jinsi makutano yalivyompoteza. Mahakama ya Rufaa ikamfutia hatia. Kwa hivyo barabara ilivyokaa ina maana, lakini na wewe ulivyofanya pia. Adhabu inafika miaka 10, na leseni hufutwa.

Sasa niambie: mzee aligongewa upande gani wa barabara?

Kusi_Malindi
Shukran sana mzee wangu. Ilikuwa saa kumi jioni. Wazee wa pande zote mbili wamekaa, diya tumekubaliana, nusu nimeshatoa na tumeandikiana. Familia imesema haina kinyongo. Kesi si itafungwa?

Karani_Mstaafu
Mshtaki ni Jamhuri, si familia. Mkurugenzi wa Mashtaka ndiye anayeweza kuiondoa, naye kwa ruhusa ya mahakama. Hayo maandishi yatakusaidia wakati wa kupimiwa adhabu. Sijajibiwa: upande gani?

Kusi_Malindi
Upande wa kulia. Nilikuwa naipita tuktuk. Sikutaja kwa sababu nilijua mtanirukia. Kila mtu anazipita tuktuk pale. Na ndani ya gari tulikuwa na binamu yangu, yeye atasema tulikuwa 50. Sijamlazimisha, nimemkumbusha tu.

Chapati_Moto
Tuktuk yenyewe ndiyo ishtakiwe, zinatembea kama zinahesabu mchanga 😂

Mama_Mtangani
Mtu amekufa, wewe unacheka.

Karani_Mstaafu
Acha kabisa kumkumbusha binamu. Kuingilia shahidi ni kosa jingine, na dhamana yako inaweza kufutwa. Alama za breki zimepimwa, gari limekaguliwa. Kwenye 70 unakwenda zaidi ya mita 19 kila sekunde, kwenye 50 karibu 14. Binamu hawezi kubishana na lami.

Pepo_za_Shela
Mimi siamini kisa hiki. Kibao kimeng'oka, diya imelipwa nusu, shahidi ni binamu, mara tuktuk inatokea katikati. Hili ni swali la mtihani wa sheria, kijana anataka tumfanyie. Napita Msabaha kila siku na kibao kipo.

Babu_wa_Lori
Hata mimi nilishaanza kujiuliza.

Kusi_Malindi
Kibao unachokiona ni cha wanaotoka Malindi. Mimi nilikuwa narudi. Mzee alikuwa muuza kahawa. Dele lake, birika la kahawa, lilibingirika hadi mtaroni, nikaliokota, mpini ukaniunguza kiganja. Makaa yalikuwa bado mekundu, yametapakaa kwenye lami, na vikombe vyote vimevunjika isipokuwa kimoja. Alama ya moto ninayo hapa mkononi. Ningekuwa natunga ningejitungia kitu chepesi kuliko hiki.

Binti_Msabaha
Si hadithi. Naishi hapo, na kahawa yake tumeinywa tangu utoto. Kibao cha upande huo kweli hakipo. Lakini kaka, sema yote. Ile tuktuk haikuwa inatembea. Ilisimama ili mzee avuke.

Karani_Mstaafu
Ni kweli?

Kusi_Malindi
Taa zake za breki niliziona zikiwaka. Nikadhani anashusha abiria.

Karani_Mstaafu
Basi hilo ndilo hakimu atakalolikalia, si kile chuma kitupu. Asubuhi nenda kwa wakili kabla hujafungua mdomo mahali pengine, umweleze taa zile kama ulivyotueleza hapa. Na usikiri wala usikane chochote kabla hajaona mchoro wa polisi, kwa sababu hatia ya jinai inakufuata hadi kwenye madai ya fidia.

Kusi_Malindi
Nimempigia binamu sasa hivi. Nimemwambia aseme alichokiona.