Msaada: mtego wa taa wa nondo, visubi wa ziwani wananijazia ndoo

Mwana wa Igombe: Wakuu, habari za jioni. Nakusanya nondo, wale wadudu wa usiku wanaofanana na vipepeo, hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria; wengine napiga picha, wachache nahifadhi. Wapo wazuri mno na sioni anayewafuatilia. Mtego wangu ni ndoo ya rangi ya lita 20, faneli ya bati juu ya mfuniko, na balbu nyeupe ya LED inayotumia betri ya pikipiki. Shida ni visubi. Giza likiingia wanainuka ziwani kama moshi, kufika saa tatu ndoo imejaa, na nondo waliomo wamechakaa mabawa. Nibadilishe taa au nihame?

Fundi Nyakato: Anza na taa. Balbu nyeupe za LED karibu hazina mwanga wa urujuanimno (UV, ule usioonekana kwa macho), na huo ndio unaowavuta nondo zaidi. Tafuta taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, au ile ya saluni ya kukaushia rangi ya kucha. Usiikodolee macho. Taa za kuulia vijidudu usiziguse kabisa, zinaunguza macho na ngozi.

Halafu simamisha vipande vitatu vya plastiki angavu kuizunguka taa. Nondo anakuja kwa kasi, anagonga, anadondokea kwenye faneli. Ndani ya ndoo panga trei za mayai za karatasi. Nondo akishaingia hutafuta kona yenye giza, basi atajibana kwenye kile kishimo cha yai na kutulia mpaka asubuhi, mabawa mazima. Toboa matundu madogo chini, mvua isije ikawazamisha.

Mwana wa Igombe: Trei za mayai! Asante sana fundi. Na visubi je?

Mzee wa Dagaa: Mwanangu, sisi taa ndiyo kazi yetu. Mbalamwezi ikiwa kali tunapumzika, dagaa hawaifuati taa. Nondo nao ni vivyo hivyo, kwa hiyo usiku wako ni wa giza. Tatizo, visubi nao huibuka kwa wingi mwezi unapoandama. Usibaki ufukweni siku hizo. Panda juu, jikinge nyuma ya mawe makubwa, taa isionekane kutoka ziwani. Na usiwashe mapema: usiku ukikomaa upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea majini, unakusaidia. Tena huko ufukweni viboko hutoka usiku kula majani, usicheze nao.

Mama Bwiru: Visubi wakizidi, zima taa kabisa. Ponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, changanya na sukari guru na pombe ya kienyeji kidogo, acha ichache, kisha paka kwenye mashina ya miti jioni. Baadaye pita na tochi hafifu, utawakuta wametulia wananyonya. Ila wengi wa wale wakubwa wenye madoa kama macho kwenye mabawa hutawapata hivyo. Wakishatoka kwenye kifukofuko hawali tena, hao ni wa taa tu.

Mwana wa Igombe: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Mama, ndizi ninazo. Kesho naenda kwa fundi bati.

Jirani Kayenze: Kabla hujapanda huko juu, mwambie mwenyekiti wa mtaa na sungusungu wa zamu. Mtu na taa ya zambarau mlimani usiku wa manane, watu watawaza mengine. Na Kisiwa cha Saanane usiende na mtego bila kibali, ile ni hifadhi ya taifa.