Naombeni ushauri: mke wangu anataka tumalize tamthilia kwa mkupuo

Wakuu, habari zenu. Mimi na mke wangu tumeanza kuangalia Breaking Bad, sizoni 5, episodi 62. Yeye anataka tuzimalize kwa mkupuo. Moja ikiisha nyingine inajianzisha yenyewe, saa nane usiku bado tupo sebuleni. Mimi naona utamu unapotea. Kati ya 2008 na 2013 ilirushwa episodi moja kwa wiki, na nyingi zinaishia patamu makusudi, ulale ukiwaza mhusika mkuu, Walter White, atajinasuaje. Ukiunganisha nne, hayo mawazo huyapati kabisa. Nikienda kulala anaendelea peke yake, halafu asubuhi ananisimulia, jambo linaloniumiza kweli. Wenye ndoa, mmewekeana utaratibu gani bila kununiana?