Maji ya kisima Njoro: meno ya kahawia, na mifupa je?

MkaaziNjoro: Tunakunywa maji ya kisima cha kuchimbwa, na huwa tunayachemsha. Mtoto wa miaka 9 meno yake ya mbele yameota na madoa ya kahawia. Mdogo wake ana miaka 2. Je, shida ni ya meno tu ama inaingia mwilini? Na kusugua kwa mkaa kunasaidia?

MenoNakuru: Hiyo ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Huingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi, tangu kuzaliwa hadi kama miaka 8, ndiyo maana doa limo ndani ya jino lenyewe. Mkaa utalikwangua tu, kisha lianze kushtuka kwa baridi. Mkubwa anaweza kutengenezewa na daktari wa meno. Wa kukimbilia ni mdogo: meno yake ya mbele ya kudumu yanajengeka sasa hivi.

Na ndiyo, inaingia mwilini. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 1.5 kwa lita. Ukinywa maji yenye miligramu 3 hadi 6 kwa miaka mingi, mifupa huanza kuathirika na viungo kukakamaa; yakipita 10, mtu anaweza kulemaa. Figo ndizo huitoa, kwa hivyo mgonjwa wa figo yuko hatarini zaidi.

FundiMaji: Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi huzidi kukolea! Klorini nayo haifui dafu hapa. Pimeni kwanza maabara, mkibeba maji kwa chupa ya plastiki, si ya kioo.

Chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe hufanya kazi vizuri, ila hujaa, na likijaa maji hutoka safi vilevile, ladha ileile, huku floraidi ikipita. Lazima mpime tena na kubadilisha mkaa. Kwa mdogo, maji ya mvua ni bora: lita 2 kwa siku za kunywa na uji, tangi la lita 1,000 linavuka mwaka. Mvua ya kwanza iachwe ioshe mabati.

LisheKisumu: Magadi pia! Yale ya kulainisha githeri na mrenda yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Loweka maharagwe usiku kucha badala yake. Maziwa yasikosekane, kalsiamu hupunguza floraidi inayofyonzwa tumboni.

MenoNakuru: Dawa ya meno msimnyime mdogo kwa sababu ina floraidi, meno yasije yakaoza. Kiasi cha punje ya mchele hadi afike miaka 3, na mtu mzima ndiye ampigishe mswaki.