Tuzo ya Mchezaji Bora wa Ulinzi wa NFL imegeuzwa kuwa tuzo ya kuhesabu saki

Ndugu wanajamvi,

Nimelivumilia suala hili kwa misimu mingi, na leo nimeona nilifungulie uzi wake kwa sababu kila mwaka hali hujirudia ile ile, na ni wachache mno wanaothubutu kusema waziwazi kwamba haki haitendeki. Nazungumzia Tuzo ya Mchezaji Bora wa Ulinzi wa Mwaka katika NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, ile inayotolewa na shirika la habari la Associated Press kwa kura za wanahabari 50. Ulinzi wa timu una wachezaji 11 uwanjani, na kila mmoja ana kazi yake, lakini wapiga kura hawa macho yao yameganda kwa mtu mmoja tu, naye ni yule anayemkimbilia kwotabeki, mrushaji wa pasi wa timu pinzani, na kumwangusha kabla hajaachia mpira, tendo ambalo sote tunaliita saki.

Tazameni orodha yenyewe. Kuanzia msimu wa 2011 hadi wa 2024 tuzo imetolewa mara 14, na mara 11 imekwenda kwa wawindaji wa kwotabeki: Terrell Suggs, J.J. Watt mara tatu, Khalil Mack, Aaron Donald mara tatu, T.J. Watt, Nick Bosa na Myles Garrett. Wengine ni Luke Kuechly, lainibeka wa kati (anayesimama nyuma ya mstari wa mbele wa ulinzi), mwaka 2013, na mabeki wa pembeni wawili, Stephon Gilmore mwaka 2019 na Patrick Surtain wa Denver mwaka 2024, basi. Beki wa mwisho, yaani yule anayesimama nyuma kabisa ya ulinzi (safety), hayumo hata mmoja. Aliyeshika tuzo hii kwa mara ya mwisho akicheza nafasi hiyo ni Troy Polamalu wa Pittsburgh, msimu wa 2010. Sisemi kwamba Donald hakustahili, kwani mtu anayezuiwa na wawili, na mara nyingine watatu, kisha bado akapenya katikati na kufikisha saki 20.5 (nusu huandikwa wawili wakimwangusha kwotabeki pamoja) kwa msimu mmoja kama alivyofanya 2018, huyo anastahili heshima zote. Ninachokikataa ni kuambiwa kwamba ndani ya miaka yote hiyo hakuna beki wa mwisho hata mmoja aliyecheza vizuri kuliko wawindaji.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mshindi wa kwanza, mwaka 1971, alikuwa Alan Page wa Minnesota, mtu wa katikati ya mstari wa mbele wa ulinzi, na mwaka huo huo akachukua pia tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote katika ligi. Akafuata Joe Greene, akafuata Dick Anderson, ambaye ni beki wa mwisho wa Miami, Greene akarudi tena, kisha Mel Blount, beki wa pembeni, na mwaka 1976 Jack Lambert, lainibeka wa kati. Miaka sita, na karibu kila idara ya ulinzi imeguswa. Wakati huo ligi haikuwa ikihesabu saki rasmi. Hesabu hiyo ilianza mwaka 1982. Mpiga kura aliyempa Page kura yake hakuwa na safu ya tarakimu ya kujifichia. Alilazimika kumtazama mtu akicheza.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba kazi ya mabeki wa nyuma imezidi kuwa ngumu huku thamani yake machoni pa wapiga kura ikishuka. Mwaka 1978 ligi ilibadilisha sheria ili beki asimguse mpokeaji wa pasi baada ya yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia, sheria ambayo watu waliibatiza jina la Blount mwenyewe kwa jinsi alivyokuwa akiwabana wapokeaji. Tangu hapo beki wa pembeni anakimbia kinyumenyume, mikono akiwa ameizuia, akimfuata mtu anayejua anakokwenda huku yeye hajui. Kazi hiyo ikifanywa kwa ukamilifu, kwenye karatasi ya takwimu hakuandikwi kitu.

Naishi Colorado, na kila ninapopata tiketi za Denver huchagua ngazi za juu kabisa, mahali ambapo wengine hawapapendi, kwa sababu ukiwa kule unauona uwanja mzima ambao televisheni haikuonyeshi. Kamera hufuata mpira. Kutoka juu nimemtazama Surtain mchezo baada ya mchezo: mpokeaji anakata kushoto, naye anakata pamoja naye kana kwamba wamefungwa kamba moja, kwotabeki anageuza kichwa upande wake, anasita nusu sekunde, kisha anakigeuzia kwingine na kutupa mpira mahali pengine. Waliokaa karibu nami hushangilia au kuguna kule mpira ulikoangukia. Nusu sekunde ile ndiyo iliyoharibu mpango wote, na ndiyo mara nyingi humpa mwindaji muda wa kufika na kupata saki yake. Anayeandikiwa ni mwindaji peke yake.

Mtaniambia kwamba Surtain alishinda hatimaye. Alishinda, nami nilifurahi kupita kiasi, lakini kumbukeni kilichotajwa kila alipozungumziwa: pasi 4 za wapinzani alizozinyaka, na hasa ile ya Oktoba 2024 dhidi ya Raiders aliyokimbia nayo yadi 100 hadi kufunga. Darrelle Revis, beki wa pembeni wa New York Jets, hakubahatika hivyo. Mwaka 2009 alifungia wapokeaji wakubwa wa ligi mmoja baada ya mwingine, hadi mpokeaji Chad Ochocinco akamaliza mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida bila kudaka hata mpira mmoja, lakini tuzo ikaenda kwa Charles Woodson aliyekuwa na pasi 9 za kunyaka dhidi ya 6 za Revis. Woodson ni gwiji, sibishani. Lakini hata walipokubali kuwatazama mabeki wa pembeni, bado walihesabu. Na Revis alistaafu bila tuzo hii.

Sasa tuiangalie tarakimu yenyewe wanayoiabudu. Januari 6, 2002, Michael Strahan wa New York Giants alihitaji saki moja kuipita rekodi ya 22 ya Mark Gastineau iliyodumu tangu 1984. Dakika za mwisho, mchezo ukiwa umekwisha kuwaponyoka Giants, Brett Favre, kwotabeki wa Green Bay, alizunguka na mpira upande wa Strahan bila mtu wa kumkinga, kisha akajilaza chini mwenyewe, na Strahan akamwangukia. Ikaandikwa saki, rekodi ikawa 22.5, na tuzo ya msimu ule ilikuwa ya Strahan. Alikuwa mchezaji mkubwa hata bila saki ile, lakini kwenye kitabu inasimama sawasawa na saki iliyopatikana kwa kuwapiga chini wazuiaji wawili.

Wengine watanitajia mwaka 2023, Garrett aliposhinda akiwa na saki 14 huku T.J. Watt akiwa ameongoza ligi kwa 19, kama ushahidi kwamba wapiga kura hawahesabu tu. Nakubali kwamba safari hiyo waliangalia jinsi Garrett alivyokuwa akizuiwa. Lakini ubishi wote ulikuwa baina ya wawindaji wawili.

Kisingizio cha kutoona hawana tena. Tangu mwaka 2012 picha za kamera ya juu, zile zinazowaonyesha wachezaji wote 22 kwa pamoja, zimefunguliwa hata kwa sisi mashabiki wa kawaida. Na tangu msimu wa 2022 kila mpiga kura anaandika majina matatu kwa mpangilio, la kwanza likipata pointi 5, la pili 3 na la tatu 1. Kwa hiyo simwombi mtu yeyote amnyime mwindaji nafasi ya kwanza. Nataka kila mmoja wa hao 50, kabla hajatuma karatasi yake, akae na picha hizo awatazame mabeki wa mwisho mchezo mzima, mpira usipokuwa kwao, kisha atueleze kwa maandishi kwa nini majina yake yote matatu ni ya watu wa saki.