Mjadala: Miji yetu inajaa kwa kasi. Je, ndiyo tunaelekea kuwa taifa kubwa duniani?

Wadau, habari zenu. Juzi pale Majengo, kwenye kahawa, mzee mmoja alitoa hoja iliyoungwa mkono na karibu baraza zima: nchi inayojaza miji kwa kasi hii haizuiliki, mpeni Mtanzania miaka 40 atakaa meza moja na Mchina. Mimi nilimbishia kwa heshima, na bado nabisha.

Kwamba tunakua, hilo halina ubishi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa Dodoma Mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Mwaka 1967 Watanzania wa mijini hawakufika 7 katika kila 100, leo wamevuka theluthi ya nchi. Anayeikumbuka Iyumbu ya vichaka ananielewa.

Lakini China mzee kaitaja nusu. Mwaka 1978 Wachina wa mijini walikuwa chini ya 20 kwa kila 100, na nusu wameivuka 2011. Hapo katikati wakulima waligawiwa mashamba kaya kwa kaya, chakula kikazidi, vijijini zikafunguliwa karakana. Shenzhen ikafanywa eneo maalumu la uchumi mwaka 1980, na vijana walioshuka pale na mabegi yao walifuata kazi za viwandani. Kijana wa Mpwapwa akishuka stendi yetu anapata kibarua cha kubeba tofali, nyumba ikiisha anatafuta bodaboda ya mkataba.

Wiki iliyopita niliingia duka la vifaa vya ujenzi, namalizia chumba. Simenti ya nchini, nondo ya nchini. Vigae vya Chalinze. Zamani tulikuwa tunasubiri vya meli, kwa hiyo hapo tumepiga hatua na naihesabu. Kisha nikaanza kugeuza maboksi nisome yametengenezwa wapi: vitasa, bawaba, swichi, koki, hata kifaa cha kukatia vigae. China, China, China. Nyumba zinaota Nala na Nzuguni kama uyoga, na kila mlango unaofungwa kitasa unampa ajira mtu wa mbali.

Halafu kuna zabibu. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, bahati ambayo nchi nyingi zenye zabibu hazina. Pita Mpunguzi msimu ukiwa umeiva: ndoo zimepangwa kando ya barabara ya Iringa, nyuki wamezizingira, na mama anashusha bei kadiri jua linavyopanda, maana hana chumba cha baridi na zikilala zitaanza kuchacha. Hapo ndipo nguvu ya taifa inapovuja, ndoo kwa ndoo, na inaniuma kwa sababu shamba lipo, mikono ipo na mlaji yupo kilomita chache tu mjini.

Nakubali hoja moja ya upande wa pili: Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 na treni ya SGR iliyofika hapa 2024 ni misingi ambayo viwanda haviwezi kusimama bila hiyo. Ila tazameni fedha zetu wenyewe zinakokwenda. Mtu akipata kiinua mgongo ananunua kiwanja, kinaota nyasi miaka 5 akisubiri bei ipande. Hata mimi ninacho kimoja, sijakifanyia lolote.

Msimamo wangu ni huu: kwa watu milioni 61.7 wa sensa ya 2022, peke yetu hatuwi dola kubwa hata miji ijae mara 3. Tukiungana kweli na soko la Afrika Mashariki, na miji yetu ikatengeneza vitu, nitabadilisha kauli.

Anayeona nimekosea ajibu hili kwanza: kijana aliyeshuka stendi leo asubuhi, kabla ya Disemba ataajiriwa na nani?