MJADALA: Mnakula hotelini kila wiki, halafu mnatuletea kitabu cha tiketi. Klabu za huduma Mwanza zijitetee

Mtoa hoja, Nyamanoro

Wakuu, habari za jioni. Naomba hoja ijibiwe kwa hoja, matusi tuyaache stendi.

Mwaka jana mwezi wa nane alikuja ofisini kwetu mzee mmoja mstaarabu wa klabu ya huduma (hivi vyama vya kujitolea kama Rotary na Lions), koti lina kibati cha klabu kifuani, mkononi kitabu cha tiketi. Matembezi ya hisani, tunaanzia viwanja vya Furahisha, tunakwenda Capri Point na kurudi. Elfu thelathini kwa kichwa, fulana na maji humo humo. Lengo ni pampu ya maji kwa shule ya msingi moja nje kidogo ya mji. Nikanunua mbili, yangu na ya mke wangu. Tukatembea. Jua la Mwanza mnalijua, mawe nayo yanakurudishia joto kama umesimama kwenye tanuri la mikate. Fulana ninayo bado, naoshea pikipiki.

Mwezi uliopita nikapita shuleni pale kwa shughuli zangu. Pampu ipo, imepakwa rangi, na bango la shukrani limesimama wima. Ukishika mpini unapanda na kushuka, maji hakuna. Mwalimu wa zamu akaniambia imekufa tangu masika. Watoto wamerudi na madumu yao ziwani, wanaingia hadi magotini, na sisi watu wa ziwa tunajua mtoto anatoka na nini humo. Kichocho hakihitaji utangulizi hapa.

Sasa hoja. Klabu hiyo, ambayo sitaitaja, inakutana kila wiki mchana hotelini, na kikao ni cha kula. Tuseme wako 25, sahani ni 20,000, kwa wiki 50. Hizo ni milioni 25 kwa mwaka zinapita kooni. Kwa nini wasikutane mara moja kwa mwezi, hela iliyobaki ikarudi kwenye pampu? Mimi nasema wabanwe. Karibuni.

Mwanaklabu (si wa klabu hiyo)

Mkuu, pole kwa pampu, hiyo ni aibu yetu sote tunaovaa vibati. Ila umechanganya mifuko miwili.

Sahani ya hotelini analipa mwanachama kutoka mfukoni mwake, kama wewe unavyolipa nyama choma yako Jumamosi. Klabu inayojiheshimu ina akaunti mbili. Moja ni ya uendeshaji, inaingiza ada za wanachama na kulipa makaratasi. Ya pili ni ya huduma, huko ndiko inakoingia hela ya tiketi. Kwa wenzetu wa Lions hili ni sharti kabisa: kilichochangwa na umma kinarudi kwa umma, hakinunui hata wino wa katibu. Kinachoruhusiwa kutolewa ni gharama za moja kwa moja za tukio lenyewe. Kwetu Rotary msimamo ni huo huo.

Na hoteli si anasa kama unavyodhani. Mkila, ukumbi mnapewa bure. Msipokula, mnalipia ukumbi. Kikao ni kama saa moja: kengele inagongwa, mgeni anazungumza, taarifa za miradi zinatolewa, tunatawanyika kazini. Kuna mtu wa nidhamu anatoza faini. Umechelewa, lipa. Simu imelia, lipa. Mimi nimetozwa elfu tano kwa sababu wiki iliyotangulia nilijigamba Simba itashinda. Faini hizo nazo zinakwenda kwenye huduma.

Tukiacha kukutana, ile milioni 25 yako haiendi shuleni. Kila mtu atakula peke yake, basi.

Mtoa hoja, Nyamanoro

"Gharama za moja kwa moja." Hapo hapo ndipo ninapopataka. Fulana ni gharama ya moja kwa moja, tenti, spika, mshereheshaji, maji ya chupa, vyote vinaingia humo. Katika elfu thelathini yangu, ni ngapi zilizofika chini ya ardhi kutafuta maji? Unajua? Mimi sijui, na niliyenunua ni mimi.

Mfanyabiashara wa dagaa, Mwaloni Kirumba

Mwangaluka ndugu zangu. Mie sijasoma mambo ya klabu, ila kikao cha kila wiki nakijua kuliko ninyi nyote hapa, kwa sababu kikoba chetu kinakutana kila Jumanne na hakijawahi kuruka.

Mleta mada, unapiga risasi ndege siye. Kukutana kila wiki siyo kosa, ndiyo dawa. Sisi tuko wanawake 28. Sanduku letu lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na aliye na sanduku nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Kila Jumanne linafunguliwa mbele ya wote, hela inahesabiwa kwa sauti, kila mmoja ananunua hisa zake, mfuko wa jamii unawekwa pembeni kwenye bakuli lake. Kiasi kilichobaki tunakikariri kichwani kabla ya kufunga. Wiki ijayo tukifungua, kabla ya lolote, mtu yeyote anaulizwa: tuliacha ngapi? Ukikosea, faini.

Kuna wiki za mbalamwezi, dagaa hawavuliwi, na sisi tunaotegemea giza hatuna shilingi. Tunakutana hivyo hivyo. Mwaka mmoja kundi jirani waliamua wakutane kwa mwezi mara moja ili kuokoa muda. Hela ikaota miguu. Haikuibiwa siku moja, la, ilikopwa kidogo kidogo na waliokuwa karibu nayo, mpaka siku ya kuvunja kikoba watu wakashikana kanga.

Kwa hiyo waacheni wakutane. Wale hata mara mbili kwa siku. Swali langu kwao ni moja: huko hotelini sanduku linafunguliwa mbele ya nani? Sie tuliochangia tiketi hatumo chumbani.

Kijana, Buzuruga

Mama umemaliza. Kufuli tatu! 😂

Niongeze la kwangu. Hata ukialikwa chumbani, huingii. Kikao ni siku ya kazi saa saba mchana, dereva bodaboda ataacha abiria? Halafu wanaongea Kiingereza. Niliwahi kwenda kama mgeni wa bosi wangu, mgeni mzungumzaji alikuwa daktari Msukuma, wasikilizaji karibu wote Waswahili na Wasukuma, na mada ilikuwa maji taka ya Mto Mirongo. Wote wakaongea Kiingereza! Mto unapita nyuma ya nyumba ya bibi yangu, hakuna neno hata moja lililofika huko.

Mwalimu mstaafu, Nyegezi

Wanangu, marahaba kwa mtakaosalimu. Nimeona hakuna aliyegusa asili ya jambo, nami ndilo ninalolipenda.

Rotary ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905. Wakili mmoja, Paul Harris, aliona upweke wa mji mkubwa akawaita wenzake watatu. Walikutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, na jina likatokana na kule kuzunguka. Hawakuwa na hoteli. Na mwanzoni hawakuwa na huduma pia, walikuwa wanatafutiana wateja! Mradi wao wa kwanza wa jamii, walioanza kuupigania 1907, unajua ulikuwa nini? Choo cha umma katikati ya mji. Nikikumbuka vyoo vya stendi zetu nacheka peke yangu. Lions nao walizaliwa mji huo huo, 1917.

Mtoa hoja, wenyewe walishabishana juu ya swali lako. Kwa miaka mingi Rotary ilikuwa inashika mahudhurio kama shule ya bweni, ukikosa kikao kwenu unatakiwa ukahudhurie klabu nyingine ili uhesabiwe. Mwaka 2016 baraza lao la kanuni likalegeza, klabu ikaruhusiwa kushuka hadi angalau vikao viwili kwa mwezi. Kwa hiyo wanaokutana kila wiki leo wamechagua wenyewe, hawawezi kusingizia Chicago.

Nami nawaunga mkono waliochagua hivyo, pamoja na mama wa Mwaloni. Vita ya polio waliianza 1985. Kanda ya Afrika ilithibitishwa kuwa haina kirusi cha polio cha asili tarehe 25 Agosti 2020. Hesabuni miaka. Kazi ya miaka 35 haiendeshwi na watu wanaokutana wakijisikia.

Mwenyeji wa Bukoba, sasa Igoma

Shikamoo mwalimu. Polio ilikuwa na mashirika ya afya ya dunia na serikali nyuma yake, usiwape klabu peke yao.

Sisi wa Kagera tulijifunza kuuliza kwa uchungu. Tetemeko la 10 Septemba 2016 lilipoangusha nyumba, nchi nzima ilichanga. Halafu yakaja mabishano ya miezi: hela ni ya kujengea watu nyumba au ya kukarabati taasisi za umma? Aliyetoa alidhani hivi, aliyepokea akaamua vile. Tangu hapo mimi nikiletewa bakuli nauliza kwanza limeandikwa nini.

Mjukuu, Sengerema

Mimi nitakuwa upande wa wala sahani. Bibi yangu alikaa na mtoto wa jicho miaka sita, tulishazoea kumshika mkono. Wakaja madaktari kwa kambi ya siku tatu iliyolipiwa na klabu ya huduma, akatolewa bure. Siku wanamfungua bandeji, kitu cha kwanza alichosema ni kwamba mama yangu amezeeka. Wale watu wangekula ngamia mzima kila wiki nisingeuliza.

Kijana, Buzuruga

Bibi ni sawa, na Mungu awalipe. Ila jicho la bibi lilikuwa kazi ya siku moja. Pampu ni kazi ya kila siku.

Fundi maji

Nipite haraka, niko saiti. Pampu za mkono mara nyingi zinakufa kwa sababu ya mpira wa ndani unaolika. Kubadilisha ni kazi ya asubuhi moja, bei yake haifiki hata bei ya tiketi kumi za matembezi. Tatizo ni nani anaufungua. Vijijini kuna jumuiya za watumia maji zilizo chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, zinakusanya kidogo kidogo kwa ajili ya matengenezo. Klabu nyingi zinachimba, zinakata utepe, hazikabidhi kwa jumuiya yoyote. Shule haina fungu, mwalimu mkuu anaogopa kufungua kitu cha wafadhili. Nimeona hivyo zaidi ya mara tatu.

Mwanaklabu

Fundi, umenichoma pabaya, na nitasema jambo ambalo wenzangu hawatalipenda.

Rais wa klabu kwetu ni wa mwaka mmoja, anaingia 1 Julai, anatoka 30 Juni. Kila anayeingia anataka mradi wake, bango lake, picha yake. Pampu ya rais aliyepita ni yatima. Nimekaa vikao vya kila wiki miaka tisa, tumesikiliza wageni wazuri sana, na sikumbuki wiki ambayo ajenda ilikuwa "twendeni tukaone kile cha mwaka juzi". Kwa hiyo mama wa Mwaloni yuko sahihi nusu. Tunakutana kila wiki, ila sanduku tunalofungua ni la mwaka huu tu.

Kuhusu mahesabu, tunayasoma kwa wanachama. Kwa walionunua tiketi, hapana. Hatujawahi, na sina jibu zuri la kwa nini.

Mtoa hoja, Nyamanoro

Basi nabadilisha hoja, siyo aibu. Kuleni kila wiki, nimeondoa zile milioni 25 zangu. Ninachodai ni karatasi moja baada ya kila tukio: tiketi tuliuza ngapi, fulana zilimeza ngapi, pampu ilipata ngapi, na nani amekabidhiwa mpini. Ibandikwe pale pale mlipotuuzia tiketi. Kama ofisini kwetu mlifika kuuza, mtashindwaje kufika kubandika?

Na kiasi fulani kiachwe kwa ajili ya mpira wa ndani, fundi ameshasema bei yake.

Mwalimu mstaafu, Nyegezi

Na iandikwe kwa Kiswahili.

Mwanaklabu

Nimechukua yote mawili. Siahidi kwa niaba ya klabu isiyo yangu, ila yetu nitaipelekea. Alhamisi hii saa saba mchana tuna kikao. Mtoa hoja na mama wa Mwaloni, njooni mseme haya haya kwa Kiswahili hiki hiki. Sahani zenu nitalipa mimi, mfukoni mwangu, msije mkaniuliza ni akaunti gani.

Mfanyabiashara wa dagaa, Mwaloni Kirumba

Wabeja sana, baba. Alhamisi hii ni giza, mzigo wa Ukerewe unashuka, siwezi kuacha mizani kwa ajili ya kuku wa hotelini. Subirini mbalamwezi. Nitakuja na daftari la kikoba, nanyi muwe na risiti za fulana.